Mjusi wa Majani na Jembe la Sake

Tangu niliporudi siwezi kupita mtaani Birere bila mtu kuniita kutoka mlangoni kwa jina mlilonipa kwa ajili ya riwaya yangu: "Romansiye! Mujusi alisema nini?" Kila mmoja wenu nimemjibu kipande, na kila mmoja amepata kipande chake. Sasa nasikia huko Katindo wanasema nilikwenda kisiwani nikaoa mjusi. Basi ninaandika yote mara moja, tangu mwanzo, ili tukikutana tuzungumze mambo mengine.

Mnaikumbuka ile Jumapili niliyowasomea sura ya tatu ya riwaya yangu, katika darasa la nyuma ya kanisa. Sura hiyo inatokea Idjwi, kisiwa ambacho nilikuwa nimekiona kwa mbali tu, kama mgongo wa ng'ombe aliyelala ndani ya ziwa. Nilikuwa nimeweka mjusi ndani yake. Alikuwa wa kijani, amejilaza juu ya jiwe jeusi ufukweni, anaota jua na kumtazama msichana akipita. Niliipenda sana sentensi ile. Nilipomaliza, mlipiga makofi, isipokuwa Nabintu peke yake, yule fundi cherehani anayekuja kutusikiliza na sindano zake kwenye kola. Nabintu alizaliwa Idjwi.

"Ile mujusi ni ya hapa Goma, ya juu ya mawe," alisema. "Yetu inaikalaka ndani ya pori, chini ya majani. Haipendake jua. Weye hujaiona. Enda uione kwanza, njo uandike."

Mlicheka, nami nikacheka. Lakini tangu siku ile kalamu iligoma. Maana liko jambo nililodhani nimewaficha: tangu Nabintu alipoanza kukaa pale dirishani, kila sentensi niliyoandika niliiandika kwa ajili ya sikio moja. Sikuwahi kumwambia neno. Na sasa sikio hilo lilikuwa limesikia uongo. Nikamwendea kwenye cherehani yake nikamwambia nitakwenda. Alinitazama kwa muda, akaona sitanii, akanipa kifurushi cha kumpelekea mama yake: sukari, chumvi, na kitambaa cha kichwa alichokishona mwenyewe.

Goma hadi Sake

Boti la kwenda kisiwani lilikuwa limekufa motere, na hakuna aliyejua litafufuka lini. Nikaamua kuzunguka kwa barabara hadi Minova, ambako mitumbwi huvuka kila siku. Nilipata nafasi juu ya lori lililobeba chumvi na sabuni, nikakaa kando ya mzee mmoja mwenye koti la abakosti, lile la kuvaliwa bila tai, lililochakaa viwikoni. Aliitwa Papa Bwira. Alikuwa akiuza majembe mapya kwenye masoko ya njiani, na gunia lake la vyuma lilinichoma mbavu kila lori liliporuka.

Tulipofika Mugunga, pale mawe ya volkano yanapokaribia kuimeza barabara, niliwaona. Walikuwa kila mahali, vichwa vimeinuliwa, wakipanda na kushuka kwa miguu ya mbele kama watu wanaojaza upepo tairi za baiskeli. Mijusi wa jua. Mjusi wangu wa sura ya tatu alikuwa huyo huyo, sina hata la kubishana. Hatukuwa bado tumetoka mjini na Nabintu alikuwa ameshashinda.

Sake tulikuta mti umelazwa barabarani, na mtu wa lokalite, ofisi ya utawala wa pale, akiwa na filimbi mdomoni.

"Basitwayeni bote, raia bote, chini! Salongo!"

Ilikuwa Jumamosi, siku ya posho kama tunavyoiita. Nchi nzima inajua kwamba asubuhi ya Jumamosi ni salongo: kila mtu anashika jembe, anazibua mifereji na kufyeka kando ya barabara. Nchi nzima isipokuwa mimi, niliyeondoka nyumbani na kichwa kilichojaa sentensi.

"Weye uko mutu ya Zaïre gani?" Papa Bwira aliniuliza tukishuka. "Unasafiri siku ya posho!"

"Na weye, papa?"

"Mi nauza majembe. Siku ya salongo batu banaona kama yao imekufa. Mi niko kazini."

Lakini yule wa filimbi hakukubali kwamba kuuza majembe ni kulima. Papa Bwira akashika kiuno, akaugua, akatoa chuma kimoja kwenye gunia. Kijana wa shamba la jirani alikata tawi bichi la mkalitusi, akalichonga haraka haraka, akalichomeka.

"Unilimie, mutoto yangu. Mugongo yangu ilikufa zamani."

Nikalima zamu yangu na yake. Mpini ulikuwa mbichi na ulilegea tangu mwanzo. Kila nilipopata mwendo, kichwa cha jembe kiliruka kikatua kwenye matope mbele ya wenzangu, nami nikakifuata nikiomba radhi.

"Huyu alikuya kulima ao kurusha?" yule wa filimbi aliuliza, na mfereji mzima ukacheka.

Tulipoachiwa, tulikula mahindi ya kuchoma na jibini ya Masisi, ile laini inayolia kidogo katikati ya meno. Nilitaka kumrudishia Papa Bwira jembe lake. Alikataa.

"Imeshalima, sasa nitaiuza kwa nani? Beba. Mwanaume hatembeake mikono mitupu."

Nikaliweka begani. Laiti ningelitupa kwenye mfereji, safari hii isingekuwa na habari ya kuwasimulia.

Sake hadi Minova

Mvua ilitukamata kwenye mlima. Lori likaingia kwenye tope hadi tumboni, dereva akalala usingizi ndani yake kama mtu aliyefika kwake, na sisi abiria tukaendelea kwa miguu. Ziwa lilikuwa chini yetu upande wa kushoto, la kijivu, halina hata mkunjo mmoja. Migomba ilidondosha maji mazito. Nilitembea nikiwa na furaha nisiyoweza kuieleza, kifurushi cha Nabintu kifuani ndani ya shati, jembe begani.

Kila niliyekutana naye aliuliza niendako, nami, kwa ujinga wangu, nilisema kweli.

"Naenda Idjwi kutafuta mujusi."

"Mujusi?" aliuliza mama mmoja aliyekuwa akiuza viazi vitamu vya kuchemsha. "Kwenu nyama iliisha?"

Mwingine aliniuliza kama ni dawa ya kifua, kwa sababu shemeji yake anakohoa na angependa nimletee mkia. Mchungaji mmoja wa ng'ombe alinisikiliza hadi mwisho, mjusi, riwaya, sura ya tatu na yote, kisha akanipa maziwa kwenye kibuyu kwa huruma, akanisihi nirudi kwa mama yangu.

Nikaacha kumtaja mjusi. Waliponiuliza nilimtaja baba yake Nabintu: "Naenda kwa Papa Nabintu, kule kisiwani." Mara watu wakabadilika. Walinitazama, wakalitazama jembe, wakatabasamu. Mama mmoja alinipisha chini ya paa lake nijikinge mvua. Mwingine alinichagulia kiazi kikubwa. Niliwaza: watu wa upande huu wana ukarimu wa ajabu!

Minova hadi kisiwani

Minova tulizuiwa na upepo. Nilimpata mwenye mtumbwi, Muzee Kabunga, mtu mwembamba mwenye sauti nzito kuliko mwili wake, ambaye alifahamiana na nyumba ya akina Nabintu. Alinikalisha nyumbani kwake hadi ziwa litulie. Tulikula bugali na sambaza za kukaanga, wale dagaa wa ziwani, ndogo, kavu, unazitafuna na vichwa vyake. Hakuniuliza jambo lolote. Alilitazama tu jembe lililoegemea ukuta, akaguna kama mtu aliyesoma barua yote kwa kuangalia bahasha.

Asubuhi ziwa lilikuwa kioo. Tuliondoka na makasia mawili, yeye nyuma, mimi mbele, na kwa muda mrefu sikuweza kujua tunaelea juu ya mawingu au juu ya maji. Nyuma yetu milima ya Masisi ilikuwa ikijivua ukungu mmoja mmoja. Mbele, kisiwa kilipanda polepole: kwanza rangi moja ya buluu, kisha kijani cha migomba, na juu kabisa kijani kingine, kizito, cheusi karibu. Ule ulikuwa msitu. Nikaacha kupiga kasia.

"Piga," alisema Muzee Kabunga. "Pori haitakimbia."

Kabla ya kufika aliniamuru nioshe miguu na uso. Kisha akalichukua jembe, akalisugua kwa mchanga wa ufukweni hadi likang'aa.

"Muzee, hiyo si lazima."

"Utafika kwa batu na matope?"

Nikaona ana haki. Nikavaa shati langu safi.

Nyumbani kwa Papa Nabintu

Nyumba ilikuwa mlimani, imezungukwa na kahawa na mananasi, na harufu ya mananasi yale ilitupokea kabla ya watu. Muzee Kabunga alitangulia. Alizungumza kwa Kihavu, kwa kirefu, kwa ile sauti yake nzito, na mimi nisiyejua Kihavu nilisimama nyuma yake nikitabasamu. Papa Nabintu, mtu mfupi aliyenyooka kama nguzo, alinisogelea. Nilidhani atanipa mkono. Alilichukua jembe begani mwangu kwa mikono yote miwili, taratibu, akaingia nalo ndani.

Nilimpa Mama Nabintu kifurushi. Alikikunjua kitambaa cha binti yake, akakiweka shavuni, akaniangalia kwa macho yaliyolowa. Nyuma ya nyumba vikapanda vigelegele. Wakaja majirani. Ikaja kasiksi, ile pombe ya ndizi, katika chungu chenye mirija, nami nikapewa mrija wa kwanza baada ya wazee. Waliniuliza jina langu, nikasema Bahati, wakasema ni jina zuri. Waliniuliza baba yangu anafuga nini, nikasema anatengeneza viatu, wakasema hiyo pia si mbaya.

Nilipotoka nje kupunga upepo, nilimkuta Muzee Kabunga.

"Wanapenda wageni sana," nilimwambia.

Aliniangalia kana kwamba ninamtania. "Bageni gani? Umeleta sukari. Umeleta jembe mupya. Umekuya na mutu muzima wa kukusemea. Unataka tukupigie na kengele ya kanisa? Umeomba mutoto yao, na balikusikia."

Ndugu zangu, mlima wote ulizunguka. Nyote mnajua jembe ni nini nchini mwetu linapoingia nyumba yenye binti. Mimi mwenyewe nimeliandika katika sura ya kwanza, na mkanisifu! Lakini lile lililokuwa begani mwangu halikuwa jembe la kuposea. Lilikuwa jembe la mfereji wa Sake.

"Muzee, hii ni jembe ya salongo!"

"Na hukuniambia?"

"Hukuniuliza!"

Akaanza kucheka hadi akashika mti. Mimi sikucheka. Niliwaza Nabintu akiinamia cherehani yake, hajui lolote. Asubuhi ile aliyonipa sukari alinituma kumtazama mjusi. Akisikia kutoka kwa watu kwamba nilipita nyuma yake nikaenda kumposa kwa baba yake, hataniamini tena katika maneno yoyote, ya kitabuni wala ya kinywani.

Kando ya msitu

Kulipokucha nilimfuata Mama Nabintu jikoni nikamwambia ukweli wote: nimekuja kumwona mjusi wa majani.

Alipiga makofi kwa furaha. "Wa kwanza kuposa kwetu alisema anatafuta mbuzi yake imepotea. Wa pili alisema anapita tu, anaomba maji. Weye mujusi! Haki ya Mungu, hii ni mupya." Kisha akamwita mumewe amsimulie, na wote wawili wakanionea fahari.

Papa Nabintu alilitoa jembe ndani, akanipa, akanionyesha kwa kidevu shamba la maharage linalopanda hadi kwenye miti. Nilielewa. Mkwe hutazamwa akilima. Nikapanda nao, nikaanza. Naweza kusema bila majivuno kwamba nililima vizuri, hadi nilipofika ukingoni. Pale niliinua jembe juu kwa nguvu zote za aibu yangu, nikalishusha, na mkononi nikabaki na mpini mtupu. Kichwa kiliruka juu ya ua wa miiba, kikaingia msituni.

"Mm," alisema Papa Nabintu.

Nikaingia kukitafuta. Hatua chache tu na jua lilibaki nje kama mtu aliyekatazwa kuingia. Kulikuwa na baridi. Kulikuwa na harufu ya majani yaliyooza juu ya majani yaliyooza. Chuma kilikuwa kimekita ubavuni mwa gogo lililolala, laini kama mkate uliolowa. Nikakivuta, na kipande cha gogo kikaja nacho.

Alikuwa hapo. Hakuwa wa kijani. Alikuwa na rangi ya shaba ya zamani, iliyoshikwa na mikono mingi, na mwili wake uling'aa kana kwamba ametoka kupakwa mafuta. Hakuwa mrefu kuliko kidole changu, hata ukihesabu mkia. Miguu yake ilikuwa midogo mno, karibu ya kusahaulika, kama aliyeamua kuwa nyoka kisha akabadili mawazo. Kando yake yalikuwapo mayai madogo meupe, yamekusanyika kwenye unga wa mti. Hakunitazama kama yule wa sentensi yangu. Hakujali kabisa kwamba nimefunga safari kwa ajili yake.

Sijui kwa nini nilinyoosha mkono. Aliteleza chini ya majani kama maji yanavyoingia mchangani, na mkia wake ukabaki kwenye vidole vyangu, ukirukaruka peke yake. Nilipiga magoti nikidhani nimemuua.

Mama Nabintu alikuwa amenifuata. Alikuta mkwe wake mtarajiwa amepiga magoti kwenye matope, ameshika mkia wa mjusi, machozi yako karibu.

"Itaota?" niliuliza.

"Itaota. Lakini rangi haitakuwa ile ile." Aliniangalia usoni kwa makini, na nikaona kicheko kikimwisha polepole. Akageuka akapaza sauti kuelekea shambani: "Papa Nabintu! Kuya! Ni kweli! Alikuya kutafuta mujusi!"

Nililifunika gogo kwa kile kipande, juu ya mayai, kama mtu anayefunga mlango wa wenyewe.

Kurudi

Hawakukasirika. Hilo ndilo lililonitesa. Nilipewa mananasi ya njiani, nikafungiwa bugali kwenye jani la mgomba, na Papa Nabintu akanisindikiza hadi mlangoni. Hapo alilileta jembe, limechomekwa tena kwenye mpini wake mbaya, akalilaza kizingitini.

"Kama iko ya salongo tu, ubebe," alisema. "Hakuna mutu atakukasirikia. Kama iko na kazi ingine, uiache."

Muzee Kabunga alitazama mawingu. Mama Nabintu aliangalia vidole vyake. Mimi nililitazama lile jembe nililopewa na mtu mwenye mgongo mbovu, na nikafahamu kwamba jibu lake nilikuwa nalo tangu zamani, tangu lile dirisha la darasani.

"Papa, nitaiacha. Lakini Nabintu hajui. Mi mwenyewe nitamwambia. Akikataa, nitarudi kuibeba."

Alitikisa kichwa kukubali. Nikaruka kizingiti nikashuka mlima na mikono mitupu.

Kwenye ufuko nilikuta mtumbwi mkubwa umejaa mananasi, unaelekea Goma moja kwa moja, na ndani yake wamekaa wale akina mama waliopiga vigelegele. Niliomba nafasi.

"Hakuna fasi, bwana arusi!" walinijibu wakisukuma. "Tutakusalimia Goma!"

Habari yangu ilikuwa inaondoka mbele yangu, inapiga makasia, inaimba. Sikumbuki vizuri ziwa la kurudi. Nakumbuka Minova hakukuwa na lori. Nakumbuka lililopatikana lilisimama kila penye mtu wa kusalimiwa, na Sake likapasua tairi mbele ya mfereji wangu mwenyewe, ambao, nawaambia, ulikuwa unapitisha maji vizuri sana. Njia nzima nilitunga hotuba. Nilipofika mawe ya Mugunga ilikuwa nzuri, na nilipofika Birere ilikuwa imenitoka yote.

Birere

Nabintu alikuwa kwenye cherehani. Hakuinua kichwa.

"Mujusi, uliiona?"

"Niliiona."

"Iko namna gani?"

Nikamwambia rangi ya shaba. Nikamwambia miguu, gogo, mayai, baridi ile. Nikamwambia kwamba haikunitazama. Nikamwambia mkia ulibaki mkononi mwangu, na kwamba utaota rangi nyingine. Mguu wake uliacha kukanyaga cherehani.

"Njo ile," alithibitisha polepole. "Njo ile kabisa."

Nikavuta pumzi. "Nabintu, kuko na jambo lingine. Jembe..."

"Bamama ya mananasi balifika mbele yako." Aliinua macho, na sikuweza kuyasoma. "Soko yote inajua. Mi nilikaa hapa nimekasirika, nangojea tu nione kama utaanza na uongo."

"Nilitaka kukuambia mi mwenyewe. Ilikuwa ya salongo. Halafu ikaacha kuwa ya salongo. Ukisema hapana, nitarudi kuichukua."

Alikata uzi kwa meno. "Papa alituma neno na bale bamama."

"Anasema nini?"

"Anasema mupini ni mubaya, ya mukalitusi mubichi, kichwa inaruka. Anasema mwenye jembe arudi aweke mupini ya kweli."

"Na weye? Weye unasema nini?"

Alikigeuza kitambaa, akakiweka sawa chini ya sindano, na nikaona anazuia tabasamu kwa taabu kubwa.

"Sura ya tatu umeiandika upya?"

"Bado."

"Iandike. Nitaisikiliza kwanza. Kisha tutaenda kutafuta mupini pamoja, sababu weye utaleta tena mukalitusi mubichi." Cherehani ikaanza kulia. "Mi najua muti gani."

Sura ya tatu nimeimaliza jana. Jiwe nimeliondoa, jua pia. Jumapili nitaisoma, na nawaomba jambo moja tu: ile nafasi ya dirishani msiikalie.